Web ya kawaida au web ya ugatuzi? Maswali ninayoulizwa kila wiki na majibu yangu

Natengeneza websaiti na mifumo hapa Dar, na karibu kila wiki kuna mtu ananitumia meseji anauliza kama mradi wake ujengwe "kwa blokcheni" (daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) au kwa njia ya kawaida. Wengine ni wenye biashara, wengine ni vijana wanaojifunza kazi. Majibu yangu yamekuwa yametawanyika kwenye voisi notsi za WhatsApp, nimeona niyaweke hapa yote.

Ugatuzi kwenye web maana yake nini hasa?

Websaiti ya kawaida ina mwenyewe. Ukiifungua, simu yako inaenda kugonga mlango wa seva, seva inachungulia kwenye databesi inakuletea ukurasa. Mwenye seva ndo mwenye kauli, akitaka kubadilisha anabadilisha, akitaka kufuta anafuta, akitaka kukufungia akaunti anakufungia na huna pa kwenda kulalamika zaidi ya kwake yeye mwenyewe.

Kwenye web ya ugatuzi taarifa ile ile inatunzwa na kompyuta nyingi za watu tofauti, wengi wao hata hawajuani, na hakuna mmoja anayeweza kuamka asubuhi akabadilisha kitu peke yake. Hii aina ya pili ndo watu wanaiita Web3, jina alilolileta Gavin Wood mwaka 2014, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, moja ya blokcheni kubwa.

Kwa hiyo ugatuzi ndo blokcheni?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapouziwa kitu wasichokihitaji. Blokcheni ni aina moja tu ya ugatuzi. Imeili ni ugatuzi, wewe uko Gmail, mwenzako yuko kwenye seva ya chuo chake, na barua inafika, na huo utaratibu upo toka 1982. BitTorrent ya 2001, ile njia ya watu kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta, ni ugatuzi. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi aliyoiandika Linus Torvalds 2005 na ambayo karibu kila developa anaitumia, ni ugatuzi pia, maana kila mmoja kwenye timu ana nakala kamili ya kazi nzima na historia yake. Mastodon, mtandao wa kijamii, ilianza 2016, mtu yeyote anaweza kufungua seva yake na watu wa seva tofauti wakaongea bila shida. Hakuna hata kimoja hapo kinachokutoza gesi (ada ya kuandika kwenye blokcheni) wala kukudai uwe na sarafu ya mtandaoni.

Na web yenyewe aliyoibuni Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, mwaka 1989 ilikuwa hivyo hivyo, kila mwenye seva anaweka ya kwake, na mwaka 1993 CERN wakaiachia dunia nzima bure. Kujazana kwetu kwenye kampuni tano sita kulikuja baadaye.

Nitajuaje mradi wangu unahitaji ipi?

Mimi nauliza kitu kimoja kwanza: kwenye huu mradi, nani hamwamini nani?

Nieleze kwa kisa. Walinifuata akina mama wa kikoba kimoja huku Mbagala, mwenyekiti wao akaniambia, "Mwanangu, tumesikia blokcheni haiibiwi, tutengenezee na sisi." Nikamuuliza, mama, kwa sasa hela mnatunzaje? Akanieleza kitu ambacho wengi mnakijua: sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mwanachama wa nne. Halifunguki mpaka wote wakae kikao, na hela inahesabiwa mbele ya kila mtu. Nikamwambia mama, hii ndo yenyewe. Huko kwenye blokcheni kuna kitu kinaitwa maltisigi, hela haitoki mpaka funguo kadhaa zikubaliane, ninyi mmekuwa nayo miaka yote kwa kufuli za dukani.

Nikauliza sasa shida iko wapi. Shida ilikuwa daftari. Lililowa mvua mara moja, na kuna mwanachama aliyesafiri kwenda Kilwa akirudi hesabu yake haieleweki, maneno yakaanza. Nilichowatengenezea ni mfumo wa kawaida kabisa, databesi moja, katibu anaingiza michango, na kikao kikiisha kila mwanachama anapata SMS yenye mchango wake wa siku hiyo, jumla yake na salio la kikundi. Basi. Ukiangalia vizuri, zile SMS ndo leja (daftari la hesabu) iliyogatuliwa, kila mama ana nakala yake kwenye simu yake, katibu akija kubadilisha namba mwezi ujao kuna simu ishirini na kitu zitakazomsuta.

Kwa hiyo kama kuna mtu au taasisi moja ambayo wahusika wote tayari wanaiamini, duka lako, shule, zahanati, msikiti, kanisa, jenga kawaida. Ugatuzi unaanza kuwa na maana pale pande zinapokuwa nyingi, zinashindana au hazijuani, zote zinahitaji kuandika kwenye rekodi moja na hakuna aliye tayari rekodi ikae kwa mwenzake. Hiyo hali ipo ila si ya kila siku.

Nataka kufungua duka la mtandaoni, je?

Kawaida. Mteja wako anataka kuona picha, bei, alipe kwa M-Pesa au Airtel Money, bodaboda afike. Hapo hakuna pa kuweka blokcheni.

Gharama zikoje?

Hapa naomba tuhesabu pamoja maana watu wanatupiwa maneno tu.

Websaiti ndogo unalipia domeini (jina la websaiti) kwa mwaka na hostingi (nafasi kwenye seva) kwa mwezi au kwa mwaka, unajua mapema utatoa shilingi ngapi, watu wakiingia mia au elfu mbili bei ni ile ile mpaka upande daraja. Kwenye blokcheni kila kitu unachoandika kinalipiwa, kinaitwa gesi, kwa sababu unaziomba kompyuta nyingi duniani zitunze hicho kitu.

Kwenye Ethereum kuhifadhi kipande cha baiti 32 kinapoandikwa mara ya kwanza kunakula gesi kama 20,000. Kilobaiti moja ni vipande 32, ni gesi 640,000, na hapo bado hujalipia vingine. Tuchukulie kwa mfano bei ya gesi ni gwei 10 (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya Ether, sarafu ya Ethereum) na Ether moja ni dola 2,500, hiyo ni Ether 0.0064, yaani dola 16 kwa kilobaiti moja. Picha ya bidhaa ya kilobaiti 200 itakula dola 3,200. Picha moja! Bei zinapanda na kushuka kila siku, ila hata uzishushe mara kumi bado picha yako ni dola 320.

Ndo maana hakuna mtu mwenye akili anaweka picha au video juu ya mnyororo, yaani kwenye blokcheni yenyewe. Wanaweka vitu vidogo sana, nani anamiliki nini, nani kamlipa nani, alama ya kidole ya faili (namba fupi inayotokana na maudhui yake), na vingine vinakaa kwingine. Kuna pia mitandao iliyojengwa juu ya Ethereum kama Arbitrum, Optimism na Base ambayo ni nafuu mno, hasa toka mabadiliko ya Machi 2024, muamala unaweza kuwa senti tu. Ila hata hapo jiulize senti hizo nani analipa, mteja wako au wewe? Mteja aliyezoea websaiti kuwa bure, ukimwambia abonyeze kitufe cha kulipia ili tu abadilishe jina lake, umempoteza.

Afu kuna gharama ya mafundi. Wa PHP au JavaScript utampata mtaani kwako, wa kuandika Solidity (lugha ya programu za blokcheni) vizuri ni wachache, na kabla ya kuachia mkataba, yaani programu ya blokcheni, unaoshika hela za watu inabidi ukaguliwe na mtu mwingine anayejua, na ukaguzi wa maana hauna bei ya kirafiki.

Si wanasema web ya ugatuzi haizimiki?

Mnyororo wenyewe ni kweli ni mgumu kuzimika. Ila wewe hutumii mnyororo, unatumia apu inayokuunganisha na mnyororo, na hiyo apu mara nyingi imekaa kwenye seva ya kawaida kama zote.

Novemba 2020 kampuni ya Infura ilipata hitilafu, na kwa kuwa waleti (pochi ya sarafu hizi) ya MetaMask na apu nyingi zilikuwa zinaisoma Ethereum kupitia wao, watu wakajikuta hawaoni salio zao sawasawa au hawawezi kutuma. Ethereum ilikuwepo, mlango ndo ulifungwa. Ni kweli upande wa pili nao unaanguka, 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kama masaa sita na biashara nyingi za huku zikasimama jioni nzima, na 20 Oktoba 2025 hitilafu ya Amazon kule Virginia ikaangusha apu lukuki duniani. Kwa hiyo hofu ya kutegemea kampuni moja ni ya haki kabisa, siipuuzi. Nasema tu kuandika neno blokcheni kwenye proposo hakuiondoi.

Na intaneti ikikatika au ikizimwa?

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilipokatika, huku Tanzania tulikaa tunaangalia kiduara kinazunguka. Uganda walizimiwa intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Kwenye hali kama hizo nodi (kompyuta zinazotunza mnyororo) za Ujerumani na Marekani zinaendelea na kazi vizuri tu, wewe ndo huzifikii. Kinachosaidia hapo ni mambo ya kizamani: seva iliyo ndani ya nchi, apu inayohifadhi kazi kwenye simu mpaka mtandao urudi, na USSD au SMS pembeni.

Nimesikia IPFS ni hostingi ya bure milele, kweli?

Si kweli, na hili linaniumiza maana nimeona kijana kapoteza kazi yake ya mwaka kwa kuamini hivyo. IPFS ni utaratibu wa kutafuta faili kwa yaliyomo badala ya kwa mahali lilipo, faili linapewa namba inayotokana na maudhui yake, ukibadilisha herufi moja namba inabadilika. Ni kitu kizuri sana, Uturuki walipoifungia Wikipedia kuanzia 2017 mpaka Januari 2020, nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa IPFS ili watu waisome.

Ila faili linabaki hai pale tu ambapo kuna kompyuta angalau moja imeamua kulishikilia. Kompyuta yako ukiizima na hakuna mwingine anayelishikilia, limepotea. Kwa hiyo unaishia kuilipa kampuni ikushikilie, na hapo umerudi kwenye kulipia hostingi.

Nikigundua bagi (kosa) baada ya kuachia smati kontrakti, narekebishaje?

Kwenye web ya kawaida saa nane usiku unaingia kwenye seva, unarekebisha, unarudi kulala. Smati kontrakti, yaani ile programu inayokaa juu ya blokcheni, ukishaiachia haibadiliki, na hiyo ndo sifa yake watu wanayoisifia. Sasa kama ina kosa, kosa nalo halibadiliki.

Juni 2016 mradi ulioitwa The DAO ulikuwa na tundu moja kwenye programu yake, mtu akachota Ether milioni 3.6 hivi, kama dola milioni 50 za wakati ule. Ikabidi jamii nzima ya Ethereum ikubaliane kupindisha historia ya mnyororo Julai mwaka huo huo, waliokataa wakabaki na mnyororo wa zamani, ndo ule unaoitwa Ethereum Classic mpaka leo. Novemba 2017 mtu mmoja akabonyeza amri ya kujifuta, ambayo haikufungwa vizuri, kwenye mkataba wa waleti za Parity, zaidi ya Ether 500,000 zikagandia humo. Hazikuibiwa, zipo, zinaonekana, hakuna anayeweza kuzitoa.

Kuna mbinu za kuweka mkataba unaoweza kuapdetiwa. Ila ujue ukishafanya hivyo kuna mtu kashika ufunguo wa kubadilisha, na watumiaji wako wanarudi kumwamini huyo mtu.

Hizo funguo nyingi za maltisigi si ndo zinalinda?

Zinalinda kama kweli ziko kwa watu tofauti. Machi 2022 daraja la Ronin, la kupitishia sarafu za ule mchezo wa Axie Infinity, lilikuwa na wathibitishaji (washika funguo) 9 na sahihi 5 zilitosha kutoa hela. Kwenye makaratasi ni ugatuzi. Kiuhalisia kampuni moja ilikuwa imeshika 4 na ilikuwa na njia ya kuipata ya tano, wadukuzi walipoingia kwa kampuni hiyo wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600, na ilichukua siku 6 mtu kugundua. Akina mama wa Mbagala wangeliona hilo kosa hapo hapo, funguo zote kwa mtu mmoja na sanduku nyumbani kwake?

Mteja akisahau paswedi?

Kawaida anabonyeza "nimesahau", anapata namba ya kuthibitisha kwenye simu, anaendelea. Kwenye waleti yenye ufunguo wake mwenyewe anapewa maneno 12 au 24, akiyapoteza hakuna ofisi ya kwenda, akimwonyesha mtu mwingine amekwisha. Fikiria nchi ambayo watu bado wanapigiwa simu na kutajishwa PIN, afu uwaambie walinde maneno 12 maisha yao yote. Kama wateja wako ni watu wa kawaida, hili swali peke yake linaweza kukupa jibu.

Sheria zinasemaje?

Mambo mawili. La kwanza ni taarifa za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Sasa ukishaandika jina, namba ya NIDA na ugonjwa wa mtu kwenye mnyororo usiofutika, utafuta vipi? Nasema hili kwa herufi kubwa kabisa moyoni mwangu: USIWEKE TAARIFA BINAFSI JUU YA BLOKCHENI, hata ukizifungia kwa fumbo, kwa sababu fumbo la leo linaweza kufunguliwa kesho na data bado iko pale pale.

La pili ni sarafu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi nchini, baadaye Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta zuio la kodi la asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Kenya Oktoba 2025 walipitisha sheria ya watoa huduma za mali hizo, wanatakiwa leseni. Kama mradi wako unashika sarafu, mtafute mwanasheria kabla ya developa.

Kuna mfano wa huku kwetu uliofanya kazi?

Upo, na naupenda. Mwaka 2013 mtaa wa Bangladesh kule Mombasa ilianzishwa Bangla-Pesa, vocha za karatasi ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wanakubaliana kubadilishana shilingi zinapokosekana. Shirika lililokuwa nyuma yake, Grassroots Economics, baadaye likaipeleka kwenye simu kwa jina la Sarafu, na wakati wa korona 2020 ikatumika mpaka Mukuru, Nairobi.

Angalia walivyoijenga. Mama muuza mboga anatumia simu ya batani, anapiga namba ya USSD kama anavyofanya na M-Pesa. Blokcheni iko nyuma anakotunziwa hesabu, yeye haioni wala haambiwi habari za gesi. Na hapo sababu ya blokcheni ipo, vikundi vingi, kila kimoja kinatoa vocha yake, na vinataka kupokeleana bila benki katikati.

Naweza kuchanganya?

Ndiyo, na ukinibana sana hii ndo ninayoipendekeza mara nyingi kwa wanaohitaji ushahidi. Chukua chuo kinachotoa vyeti. Websaiti, majina, alama, vyote vinakaa kwenye databesi ya kawaida. Kila mwisho wa mahafali unachukua orodha nzima ya vyeti, unaikokotolea alama ya kidole, ni herufi chache tu, unaandika hiyo peke yake kwenye blokcheni. Muamala mmoja kwa mwaka. Mtu akija kuchomeka cheti feki miaka mitano baadaye alama haitalingana, na hujaanika jina la mwanafunzi yeyote.

Mimi najifunza, nianze na ipi?

Kawaida, mdogo wangu, bila kusita. HTML, CSS, JavaScript, lugha moja ya seva, SQL, Git. Developa wa blokcheni naye anajenga ukurasa wa mbele kwa JavaScript hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna unachopoteza. Ukishaweza kujenga mfumo unaopokea malipo na usiodukuliwa kizembe, ndo uingie Solidity, na ufanyie mazoezi kwenye mitandao ya majaribio ambayo sarafu zake hazina thamani. Wanaoanza na Solidity moja kwa moja kwa ajili ya mishahara waliyoiona mtandaoni wengi nimewaona wanakwama kwenye vitu vidogo vya seva.

Nataka ugatuzi kwa sababu fundi wa kwanza alinitesa, nifanyeje?

Hili nalijua sana. Dada mmoja mwenye saluni alikuja kwangu akilia, fundi wake alisajili domeini kwa jina lake yeye fundi, hostingi kwa imeili ya fundi, wakakosana, websaiti ikapotea na wateja wa miaka minne. Alitaka "kitu ambacho hakuna mtu anaweza kuniondolea". Dada yangu, hicho unakipata bila blokcheni. Domeini ya .co.tz isajiliwe kwa jina lako na imeili yako. Hostingi ilipiwe kwa akaunti yako, fundi umpe nafasi ya kuingia tu. Bekapu ya mafaili na databesi ishuke kila wiki kwenye flashi au diski ngumu iliyo kabatini kwako. Mkataba wa maandishi useme kazi ni mali yako. Ukiwa na hivyo vinne, kampuni ikizingua unahamia nyingine kwa siku moja.

Developa kaniambia lazima iwe blokcheni, nimuulize nini?

Muulize ni akina nani kwenye mradi wako wasioaminiana. Muulize nani atashika funguo na yeye akifa au akihama nchi inakuwaje. Muulize gesi analipa nani, na mteja wako wa Tandahimba mwenye simu ya batani ataingiaje. Akijibu vizuri yote, mpe kazi, huyo anajua anachofanya.

Nina websaiti ya WordPress tayari, nihame?

Hapana. Ila leo hii ingia kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi yako) upakue bekapu, na uangalie domeini imeandikwa jina la nani.